Fundo la Kuazima Hufunguka Mtoni

Fundo la kuazima hufunguka mtoni.

Maneno hayo aliambiwa Nasoro, mlezi mpya wa skauti wa Kwembiru, na msichana wa miaka kumi na miwili. Nasoro alikuwa amemwona msichana akihangaika na kamba ya hema, akamwambia, "Lete hapa, utatuchelewesha," akaichukua. Msichana hakulia wala hakubishana. Alisema maneno hayo matano, akaenda kukaa juu ya jiwe, akamwachia hema lote.

Jioni ile, walezi wapya watatu walipokuwa wakinywa chai na Bibi Mwajabu, Nasoro aliuliza kwa uchungu kidogo, "Bibi, hivi hawa watoto wameyatoa wapi maneno yale? Hapa hakuna mto. Kuna hema tu."

Bibi Mwajabu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwafundisha watu wazima namna ya kukaa na skauti, aliweka kikombe chini.

"Mto upo," alisema. "Aliyeanguka ndani yake ni baba yangu. Na mambo yaliyokuwa moyoni mwake siku ile aliniambia mwenyewe, kwa hiyo nikisema aliwaza hivi, msidhani natunga."

Chanzo cha methali hii ni hiki alichowasimulia.

Paliondokea hapa Kwembiru mtu aliyeitwa Mtoi. Kazi yake ilikuwa kufunga mizigo kwenye malori na kusafiri nayo. Kabichi, viazi, matunda damu, chochote kilichoshuka kutoka milimani kwenda Mombo na mbele zaidi, kilipita mikononi mwake. Barabara ile ina kona za kumtapisha hata dereva, lakini watu walikuwa na msemo: mzigo wa Mtoi hufika. Alikuwa na fundo lake, wakaliita fundo la lori, na wapakiaji wenzake walilitazama kama watu wanavyoutazama mwandiko wa mwalimu.

Binti yake Mwajabu alipofika miaka kumi na sita, skauti wenzake walimchagua kuwa kiongozi wa kundi. Mlezi mkuu alikuwa Bi Zahabu, mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke mwembamba asiyepaza sauti. Bi Zahabu aliwaita wazazi akawaambia kwamba kundi linahitaji watu wazima wa kujitolea. Walikuja wawili: Mtoi, na Kaoneka mwenye duka.

Siku ya kwanza Bi Zahabu aliwapa kanuni moja. "Mkiona hatari, semeni mara moja. Mkiona kuchelewa tu, au kukosea kusikoumiza mtu, kalieni mikono yenu. Kundi hili linaongozwa na vijana wenyewe. Baraza lao ndilo linaloamua, sisi tunajibu tukiulizwa."

Mtoi alidhani ni maneno ya mkutano tu, yale ambayo watu huyasema na kuyaacha pale pale. Haikuwa hivyo. Bi Zahabu aliketi kweli kweli juu ya mikono yake, kwenye benchi, akawatazama watoto wakipika ugali ukawa uji, wakaunywa. Akawatazama wakibishana saa nzima nani abebe sufuria. Mtoi alikuwa karibu naye, meno yakisagana.

"Mwalimu, huu si ulezi," alimwambia. "Huu ni uvivu."

"Mghoshi Mtoi," Bi Zahabu alimjibu kwa ile heshima ya Kisambaa anayopewa mwanamume, "uvivu ungekuwa rahisi. Mimi hapa mikono inaniuma."

Hasira ya Mtoi ilianzia hapo. Haikuwa hasira ya kupiga kelele, ilikuwa ile inayokaa kifuani kama pumba. Alikuwa mtu wa kazi. Kuona kazi mbaya na kuinyamazia kwake kulikuwa sawa na kuulizwa jina lako ukanyamaza.

Mwaka huo masika yalizoa daraja la mto Kibungwe. Watoto wadogo wa ng'ambo wakawa wanazunguka kwa barabara ya juu, mwendo wa saa nzima, wengine hawana hata viatu. Baraza la skauti likakaa, likaamua: tutajenga daraja la miguu. Halmashauri ya kijiji ikatoa magogo mawili marefu ya mkaratusi, mafundi wakayalaza kutoka ukingo mpaka ukingo. Iliyobaki, yaani miti ya kukanyagia juu ya magogo na mti wa kushikia, ilikuwa kazi ya skauti.

Walifunga kwa kamba za katani walizosokota wenyewe. Na walikuwa na desturi yao, ambayo hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Kila aliyefunga mti alifunga juu ya fundo lake uzi wa rangi yake. Mwajabu uzi wake ulikuwa mwekundu. Kabla ya kuvuka, kila mmoja alikwenda kwenye fundo lake, akalikanyaga kwa kisigino mara tatu, akasema kwa sauti, "Langu linashika." Na aliyefunga ndiye aliyevuka kwanza. Hukuruhusiwa kumvusha mwenzio juu ya fundo ambalo wewe mwenyewe hujalikanyaga.

Iliwachukua Jumamosi tano. Walifunga, wakafungua, wakafunga tena. Mafundo yao yalikuwa manene, yenye manyoya ya katani kila upande. Kulikuwa na mvulana mmoja, Hoza, mdogo kuliko wote, ambaye fundo lake lilifanana na kiota cha kuku. Hoza ndiye aliyepewa kufunga kamba ya kunasa, ile waliyoivusha mto hatua ishirini kutoka darajani, upande maji yanakoelekea, ili mtu akianguka ashike. Mtoi alipoiona alicheka kwa pua.

"Kijana, hapo umefunga au umetapika?"

"Nimefunga, baba mkubwa," Hoza alijibu. "Ni sura yake tu ndiyo imetapika."

Sasa, wazazi wengine walikuwa wamelalamika. Walisema kundi la Kwembiru halina mwenyewe, watoto wanajiamulia mambo. Malalamiko yakafika wilayani, na ikatumwa habari kwamba mgeni atakuja Jumamosi ya sita kuliona daraja. Likiwa imara, baraza la vijana litaachwa liendelee. Likiwa bovu, baraza litavunjwa, kiongozi atavuliwa nafasi yake, na kundi litakuwa chini ya kamati ya watu wazima. Mwajabu aliambiwa hayo mbele ya wenzake wote. Alisema, "Aje." Lakini nyumbani Mtoi alimwona akishika kijiko bila kula.

Hapo ndipo mapenzi yalipoichochea hasira, na mchanganyiko huo ni mbaya kuliko hasira tupu.

Jumamosi ilifika. Saa sita mchana skauti walikwenda kula na kuvaa sare. Bi Zahabu alikwenda shuleni kumpokea mgeni. Darajani walibaki Mtoi na Kaoneka, walinde vifaa.

Kaoneka alitoa kwenye kikapu bunda la kamba ya manila, mpya, ya bluu, inayong'aa. "Nimeitoa dukani," alisema. "Mtoi, tazama hii, kisha tazama yale manyoya. Huyo mgeni atasema binti yako amejenga daraja au amefuga mbuzi?"

Mtoi alitazama. Aliyaona mafundo sita ya Mwajabu, katikati ya daraja, mahali maji yalipokuwa na kina. Aliuona uzi mwekundu juu ya kila fundo. Alimkumbuka binti yake na kile kijiko.

"Nipe kisu," alisema.

Alikata katani ya mafundo sita akaitupa mtoni. Akafunga manila, haraka, kwa uzuri, fundo la lori, mikono yake ikifurahi baada ya miezi minne ya kukaliwa. Alipomaliza, akafanya jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililomsumbua mpaka uzeeni. Aliziokota zile nyuzi nyekundu, akazifunga tena juu ya mafundo yake, moja moja, kama zilivyokuwa.

Skauti waliporudi, Hoza ndiye aliyeona kwanza. "Jamani, daraja limevaa sare na lenyewe!"

Mwajabu hakucheka. Alitembea mpaka katikati, akainama, akagusa fundo la kwanza, la pili, la tatu. Akarudi ukingoni. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," Mtoi alisema. "Kwa faida yako. Tengenezeni mstari, mgeni yuko njiani."

"Hatuvuki."

"Unasemaje?"

"Mafundo haya si yetu, baba. Siyajui. Siwezi kusema langu linashika, kwa sababu si langu."

Mtoi alihisi damu ikimpanda masikioni. "Mwajabu! Kilo elfu saba za viazi hupita Mombo juu ya fundo hilo! Wewe na katani yako ya kufungia kuku unaniambia hulijui? Unanidhalilisha mbele ya watoto wa watu?"

"Viazi havitembei, baba."

Kaoneka akaongeza mafuta kwenye moto: "Mtoi, kama huyu angekuwa wangu..."

"Kaa kimya, Kaoneka!" Mtoi akamgeukia binti yake. "Vuka!"

Mwajabu alisimama mbele yake. "Kanuni yetu unaijua. Aliyefunga ndiye anayevuka kwanza. Uzi ni wangu, lakini aliyefunga ni wewe. Vuka, baba. Ukifika ng'ambo, nitakuomba radhi kwa magoti."

Mtoi hakungoja neno jingine. Alipanda darajani kwa hasira, akikanyaga kwa nguvu, kila hatua kama anampiga mtu. Na wakati huo huo, juu ya mteremko, mgeni na Bi Zahabu walikuwa wakijitokeza kwenye kona ya njia.

Fundo la lori ni fundo zuri. Lakini hushika kwa sababu mzigo unalivuta bila kupumzika. Mzigo ukivuta na kuachia, ukivuta na kuachia, kama mguu wa mtu unavyofanya, fundo nalo hulegea. Kwenye lori, Mtoi alikuwa akisimamisha gari kila baada ya kona kadhaa, akashuka, akakaza upya. Jambo hilo alilifanya kwa mazoea hata hakulihesabu kuwa sehemu ya fundo. Na manila ni laini, na mkaratusi uliobanduliwa gome ni laini, na manyunyu ya maji yalikuwa yamevilowesha vyote viwili.

Mti wa kwanza wenye kamba ya bluu ulishika. Wa pili ulishika. Wa tatu ulibiringika kama penseli, Mtoi akapita katikati ya magogo, mkono wake wa kushoto ukapiga gogo kwa sauti waliyoisikia wote, na mto ukamchukua.

Maji ya Kibungwe ni baridi hata Januari. Aliona kijani, akaona nyeupe, akajigonga kwenye mawe mara mbili. Kisha kitu kikampiga kifuani, chenye manyoya ya kukwaruza. Akakikumbatia kwa mkono mmoja. Ilikuwa kamba ya kunasa. Mbele ya pua yake kabisa, kwenye mti wa ukingoni, kilikuwepo kile kiota cha kuku, kimekaza, hakitikisiki.

"Kikosi cha pili, kamba!" alimsikia Mwajabu akiita. "Hoza, usiingie majini! Wa kwanza lala kifudifudi, wa pili mshike miguu!"

Walimtoa. Hakuna mtu mzima aliyewasaidia. Kaoneka alikuwa bado amesimama na bunda lake la kamba.

Mgeni alishuka mteremko mbio, kofia mkononi. Alikuwa mtu mnene, mwenye heshima zake, na alikuwa ameogopa, kwa hiyo alikasirika. "Hili ndilo daraja? Hili? Watoto wadogo wangepita hapa Jumatatu?" Alikwenda mpaka kwenye mti uliobiringika, akashika kamba ya bluu iliyoning'inia, akaona uzi. "Nimeambiwa kila mmoja ana rangi yake. Mwekundu ni wa nani?"

"Ni wa kiongozi wao, bwana," Kaoneka alisema upesi. "Msichana yule. Ndiyo maana sisi wazazi tulisema..."

Mwajabu hakujitetea. Alikuwa amepiga magoti, anamfunga baba yake mkono kwa skafu na vijiti viwili. Aliinua macho tu, akamtazama. Mtoi alisema baadaye kwamba katika maisha yake alitazamwa na askari wa barabarani, na matajiri wenye mizigo iliyooza, lakini hakuwahi kutazamwa vile. Haikuwa huruma. Ilikuwa hasira safi, inayongoja.

Alijua akinyamaza itakuwaje. Uzi ungesema ni kazi ya Mwajabu. Baraza lingevunjwa jioni ile, na mzigo wa Mtoi ungeendelea kuwa mzigo unaofika.

"Kaoneka mwongo," alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza kwa maji. "Na mimi mwongo zaidi yake. Mafundo hayo ni yangu. Nilikata ya binti yangu akiwa anakula, nikafunga yangu, kisha nikayavika uzi wake. Yeye alikataa kuvuka. Angekuwa mtoto wa kutii ovyo, sasa hivi mngekuwa mnamtafuta yeye huko chini."

Mgeni alimgeukia Bi Zahabu. "Mwalimu, ulikuwa unajua?"

"Sikujua," Bi Zahabu alisema. "Lakini niliwaacha hapa watu wawili ambao mikono yao ilikuwa inawasha. Hilo nilikuwa nalijua."

Mtoi alimshika binti yake bega kwa mkono mzima. "Mwanangu, nilitaka kukusaidia."

Hapo ndipo Mwajabu aliposema, na sauti yake ilifika ng'ambo. "Ulinisaidia nini, baba? Ungenisaidia ungeniambia fundo langu lina kasoro gani. Ungeniuliza. Ulinivizia nikila! Ukafanya kazi yako ukaibandika jina langu. Kwa hiyo likishika, mimi ni mwongo, na likifunguka, mimi ni muuaji. Mimi ningebaki na nini hapo?"

Mtoi aliuondoa mkono begani mwake.

Mgeni alikohoa. "Binti, sasa mnafanyaje?"

"Tunafunga upya."

"Itachukua muda gani?"

"Mpaka yashike," Mwajabu alisema. "Wageni mtasubiri."

Walisubiri. Mgeni alikaa juu ya jiwe. Mafundo matano ya bluu yaliyobaki yalivutwa kwa mkono mmoja, yakafunguka yote. Mwajabu aliikusanya manila, akaikunja, akamwekea baba yake katika mkono mzima.

"Shika hii," alimwambia. "Usiiachie mpaka tumalize."

Kwa hiyo Mtoi, mfunga mizigo ambaye mzigo wake hufika, alikaa ukingoni amelowa, mkono mmoja umefungwa kwa vijiti, wa pili umeshika kamba isiyofanya kazi, akiwatazama watoto. Mara tatu aliona jambo ambalo angelifanya kwa haraka zaidi. Mara tatu kamba ilikuwa mkononi mwake. Alianza kuelewa kwamba Bi Zahabu hakudanganya: mikono inauma.

Jua lilipoanza kuegemea mlima, walipanga mstari. Kila mmoja alikanyaga fundo lake kwa kisigino. Langu linashika. Langu linashika. Hoza alikanyaga mara kumi, akasema, "Langu linashika, na lina sura mbaya." Mwajabu akavuka wa kwanza. Mgeni akavuka wa mwisho, akarudi, akampa Mwajabu mkono. Baraza halikuvunjwa.

Nyumbani, Mwajabu hakuongea na baba yake siku tisa. Alimpa maji, alimpa chakula, alimsalimu shikamoo. Zaidi ya hapo, kimya. Mtoi hakulalamika.

Kule stendi ya malori, Kaoneka alimkuta akisimamia wengine wakifunga, maana mkono ulikuwa haujapona, akamtania mbele za watu. "Mtoi! Eti mzigo wako safari hii haukufika?"

Watu wakacheka. Mtoi aliwaacha wamalize.

"Fundo lilikuwa zuri, Kaoneka," alisema. "Lakini lilikuwa la kuazima. Mimi nililiazima kutoka kwenye lori, na nikamwazimisha mtoto asiyeliomba. Fundo la kuazima hufunguka mtoni."

Wapakiaji wakayachukua maneno hayo wakashuka nayo mpaka Mombo.

Siku ya kumi, Mwajabu alikuja kukaa kwenye ngazi ya mlango, kando ya baba yake. Mkononi alikuwa na kipande cha ile manila.

"Baba," alisema, bila kumtazama. "Nifundishe fundo la lori. Nataka kujua kwa nini lilifunguka."

Mtoi alitaka kuichukua kamba. Mkono wake mzima ulikwisha kunyanyuka. Akaurudisha, akaukalia.

"Shika wewe," alisema. "Mimi nitakuelekeza."

Hapo Bibi Mwajabu alimaliza hadithi yake. Chai ilikuwa imepoa kwenye vikombe vyote. Aliinuka, akafungua kabati, akatoa kipande cha kamba ya manila iliyopauka mpaka bluu yake imekuwa kama maziwa, akamwekea Nasoro kiganjani.

"Kesho watalishusha lile hema ulilosimamisha wewe, walisimamishe wao," alisema. "Litawaangukia. Halina uzito wa kumuumiza mtu, kwa hiyo shika hii, usiiachie mpaka wamalize."

Nasoro aliifunga ngumi juu ya kamba. "Na yule msichana, bibi? Bado amenikasirikia."

"Ana haki. Usimharakishe kupoa." Bibi Mwajabu alimimina chai mpya. "Siku akikujia mwenyewe na kamba yake, akakuuliza, hapo utamfundisha, na litakuwa lake. Kabla ya hapo, mwanangu, hata ulifunge zuri namna gani, fundo la kuazima hufunguka mtoni."